Kamba ya Mafundo Tisa

Nshamba,
12 Februari 1956

Jagdishbhai,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye migomba. Barua hii anakuletea Mutembei wa basi. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asiiache dukani kwa baba yako, na amecheka kwa sababu anatujua.

Kwanza asante. Siku ile habari ya kifo cha Tata, baba yangu, iliponifikia gereji, ulizima injini uliyokuwa unaijaribu, ukanipakia na kunileta mpaka Nshamba bila kuniuliza neno. Ulikaa msibani siku mbili, ukala ekitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, ukalala kwenye majani kama mtu wa nyumbani. Wazee hapa bado wanakuulizia. Wanasema yule Mhindi mwembamba ana adabu. Sikuwaambia unavyoendesha.

Sasa mambo ni haya. Mimi ndiye mrithi, na mrithi hawezi kukaa mjini kibanja kikaota magugu. Kwa hiyo sirudi, Jagdishbhai. Nimekuwa fundi wenu miaka sita, na Omugole, gari lenu, nimemjua tangu alipoteremshwa kwenye meli akiwa na vumbi la Kisumu. Unajua kwa nini nilimwita Omugole. Bibi harusi hapigiwi kelele, hupakwa mafuta, hutunzwa, na ukimpuuza anarudi kwao.

Basi mtunze hivi. Kila maili mia tano, pampu ya grisi kwenye chuchu zote za chini, usiruke hata moja kwa kuwa iko pabaya. Kila maili elfu moja, mwaga oili ya injini ikiwa ya moto, tia mpya, safisha plagi, angalia maji ya betri. Kila elfu tatu, oili ya giaboksi na ya difu. Magurudumu ya mbele yafunguliwe kila elfu tano, beringi zioshwe na kupakwa grisi mpya, breki zitazamwe. Hiyo kazi ya mwisho niachie mimi. Nitakuja Pasaka.

Kamba yangu ya mgomba iliyo kwenye msumari karibu na dirisha la gereji, iache hapohapo mpaka nije.

Wasalimie Mzee Mulji, mama yako Kantaben, na mkeo Bi Sumitra. Nimetuma mwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Senene sikutuma, Mama Kantaben hali chenye uhai, asije akanifukuza hata nikiwa mbali.

Mimi fundi wako,
Projestus Byabato


Bukoba,
20 Februari 1956

Kaka Projestus,

Barua imefika, na mwani umefika, ila Mutembei alitafuna nusu njiani. Anasema ni ushuru.

Gereji imekuwa kubwa mno bila wewe. Jana nilinyoosha mkono nyuma nikasema "kumi na tatu", nikingoja unitie spana kiganjani, kumbe niko peke yangu na paka. Nimejua sasa kwamba kwa miaka sita sijawahi kutafuta spana mwenyewe.

Lakini usiwe na hofu. Maelekezo yako nimeyaandika upya kwa Kigujarati na kuyabandika ukutani. Mita ya Omugole inasoma 31,400. Oili nimemwaga jana ikiwa ya moto, nikaungua kidole, kwa hiyo najua ilikuwa ya moto kweli. Chuchu za grisi nimezihesabu, zote zimekula.

Baba bado ana desturi yake. Kila Jumapili kabla ya chai anafungua mlango wa gari, anavaa miwani, anasoma mita, anafunga mlango. Nashukuru kila wiki kwamba ulinifundisha kuchomoa ule waya nyuma ya mita kabla ya mashindano anayonikataza. Asante ya waya ule nitakuwa nayo mpaka uzee. Maili ambazo hazikusomwa ni kama hazikutokea, sivyo?

Pasaka kuna mashindano, Bukoba kwenda Karagwe na kurudi, mara mbili kwa siku mbili. Wazungu wa kahawa wameleta magari mapya. Kaijage wa bomani, karani, ndiye mwandishi wa saa. Ukija utaniona nikiwapa vumbi.

Sumitra anakusalimu. Anasema nyumba ina amani sasa kwa kuwa hakuna anayeimba nyimbo za kanisani chini ya gari, lakini nilimsikia jana akiuimba ule mmoja wa Kilatini jikoni.

Rafiki yako,
Jagdish Mulji


Nshamba,
14 Machi 1956

Jagdishbhai,

Nina furaha na nina hofu, na sijui nianze na ipi.

Theopista wangu ana mimba. Anategemea kujifungua mwishoni mwa Juni. Wewe unajua Immakulata alivyozaliwa, ulikuwepo mlangoni pa hospitali na kanzu yangu mkononi. Yule daktari aliyempasua alimwambia Theopista kwamba mtoto mwingine akija, asizalie nyumbani wala kwingine kokote, arudi kwake Bukoba, maana yeye ndiye anajua alichokiona ndani. Misheni ziko karibu hapa, na masista ni watu wa huruma, lakini Theopista amekazia neno la daktari.

Kwa basi haiwezekani. Juni ni kahawa. Basi la Mutembei litakuwa limejaa magunia mpaka kwenye paa, na abiria wanakaa juu yake kama kuku. Mwanamke mwenye kovu tumboni hawezi kurushwa maili hamsini hivyo.

Nakuomba Omugole, pamoja na wewe kwenye usukani. Uje katikati ya Juni umchukue yeye na mama yake, Klaudia. Mimi nitabaki na Immakulata na kahawa. Mambo ya uzazi kwetu ni ya wanawake, na mama mkwe wangu hataki kuniona karibu.

Kwa sababu hiyo nina ombi la pili. Pasaka siwezi kuja, msiba wa Tata bado una shughuli zake. Usiende Karagwe. Usishindane mpaka nije nifungue magurudumu ya mbele kwa mkono wangu. Nina sababu yangu na nitakueleza tukionana. Kamba yangu bado ipo?

Nakuamini kama ndugu wa tumbo moja.

Projestus


Bukoba,
9 Aprili 1956

Kaka Projestus,

Hongera! Hongera mara kumi! Nilisoma barua yako mbele ya Sumitra na Mama, na Mama akaenda moja kwa moja jikoni kutengeneza ladu za ufuta za kumpa nguvu Theopista. Mutembei ameapa hatazionja. Zihesabu, ni ishirini na nne.

Omugole ni wenu, na mimi ni dereva wenu. Siku yoyote, saa yoyote. Unaomba kama mtu wa mbali! Nani alikaa na mimi wodini nilipovunjika mkono? Nani alimwambia baba kwamba nimeanguka kwenye ngazi?

Pasaka tulikaa nyumbani. Kulinyesha.

Gari halina neno. Mita inasoma 31,900, grisi nimetia. Kwa hesabu ya mita, magurudumu ya mbele bado yana nafasi mpaka Agosti, kwa hiyo mpaka mtoto aje na abatizwe, ndipo utakuja taratibu tuyafungue pamoja.

Kamba yako ipo salama, usiihangaikie. Mama aliiona akaipenda, ameufunga nayo mti wake wa tulsi, mrehani wa ibada, kwenye kijiti, ule anaoumwagilia kila asubuhi uani. Ulikuwa unalala kwa upepo wa ziwani. Sasa umesimama. Anasema nyuzi za dukani zinakata shina, ila kamba ya mgomba ni laini. Anakushukuru sana.

Wako,
Jagdish


Bukoba,
24 Mei 1956

Kaka Projestus,

Ni mimi Sumitra, mke wa Jagdish. Sijawahi kukuandikia. Kiswahili changu ni cha Mwanza, utanisamehe. Na utanisamehe pia kwamba mume wangu hajui naandika.

Tulienda Karagwe. Nasema tulienda kwa sababu mimi nilikaa pembeni yake na karatasi ya njia. Pasaka, siku mbili, maili mia tatu na ishirini. Hakukunyesha hata tone. Tulishika nafasi ya tatu na Jagdish alilia kwa furaha. Waya wa mita ulikuwa umechomolewa. Baada ya hapo amekuwa akifanya mazoezi ya njia ya Kyaka kila Alhamisi, kwa sababu kuna mashindano mengine tarehe 16 Juni. Amesema ataenda kumchukua Theopista kesho yake. Hakutaka kukuudhi. Alisema gari limetunzwa kwa hesabu yako yote, na fundi akiwa mbali huwa na hofu za bure.

Mimi sijui magari. Lakini najua kusikia. Nikiwa jikoni najua sufuria gani imekauka bila kufunua. Gurudumu la mbele la kulia linaimba. Zamani halikuimba. Tukikata kona kwenda kushoto linaimba zaidi, na nilipoweka mkono juu ya bati karibu nalo tulipofika Kyaka, palikuwa pa moto. Nilimwambia. Akasema mita haijafika.

Jambo lingine ni la kijinga lakini linanisumbua. Jagdish alicheka kwamba unaulizia kamba yako kama mtu anayeulizia mtoto. Nikaenda uani kuitazama. Ina mafundo. Si ya kuunganishia, ni ya makusudi, yamepangwa sawasawa, tisa. Mtu hafungi mafundo tisa kwenye kamba bila sababu. Ni ya nini?

Nimekaa na Theopista siku nyingi uani kwetu tukichambua mchele. Sitaki apande gari ambalo sijui linasema nini.

Dada yako,
Sumitra


Nshamba,
26 Mei 1956

Jagdishbhai,

Mkeo ameniandikia. Ukimgombeza kwa hilo, mimi na wewe tumeachana.

Nimekukasirikia tangu jana, nimepalilia migomba kwa hasira mpaka Theopista akaninyang'anya jembe. Kulinyesha! Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia Kyaka. Lakini leo asubuhi nimekaa chini nikaona kwamba mwongo wa kwanza ni mimi. Sikiliza.

Mafundo tisa ni maili mia tisa.

Nilipokufundisha kuchomoa waya ule, ulikuwa mtoto wa miaka ishirini unayemwogopa baba yako, nami nilikuhurumia. Lakini gari halidanganywi. Mita husimama, beringi haisimami. Kwa hiyo kila uliporudi kwenye mashindano nilimuuliza Kaijage mmekwenda maili ngapi, na kila maili mia nilifunga fundo moja. Maili moja ya mashindano nilihesabu kuwa tatu, kwa jinsi unavyokata kona. Kamba ilipojaa, Jumamosi mchana, ninyi mkiwa mmelala baada ya chakula, nilifungua magurudumu, nikaosha beringi, nikapaka grisi, nikatazama breki, nikafunga. Kisha nikatupa kamba ya zamani na kuanza mpya. Hukujua. Ulidhani Omugole ana bahati.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu nilimwahidi Mzee Mulji, siku aliponiajiri, kwamba sitashika spana kwa ajili ya mashindano. Nilivunja ahadi tena na tena kwa miaka minne, kwa grisi yake mwenyewe. Kwa maandishi nisingeweza kukiri. Nilisubiri nije, nifanye kimya kama siku zote. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha mpaka mke wangu ndiye anayetakiwa kuulipia.

Kamba ile ilikuwa imejaa. Kazi kubwa niliipanga Jumamosi, habari ya Tata ikaja Ijumaa. Mia tisa mara tatu. Ongeza Karagwe mara tatu. Ongeza Alhamisi zako. Ongeza maili za mita. Umepita elfu tano zamani sana, ndugu yangu, na gurudumu lile limekuwa likimwambia mkeo hivyo.

Usiende popote. Usiende hata Kashozi hapo jirani. Weka jeki, vua gurudumu la mbele la kulia, ufungue mwenyewe. Hakuna mwingine. Vigololi vikiwa vyeupe, osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha jaza grisi kwa kiganja, sukuma mpaka itokee upande wa pili. Ukiona rangi ya bluu au ufa, usifunge tena, agiza nyingine. Ukimaliza, kaza nati mpaka gurudumu lisite, halafu legeza kidogo, robo ya mzunguko. Nenda maili tano polepole, shuka, weka kiganja kitovuni pa gurudumu. Lazima uweze kukiacha hapo kwa muda wa Salamu Maria moja nzima. Ukishindwa, umekaza mno. Wewe hujui Salamu Maria. Sema ya kwenu yenye urefu huohuo.

Nimeandika kwa ukali. Yote ni hofu. Theopista anapiga mahesabu ya siku kwa vidole na kuniambia wewe utakuja tu. Anakuamini kuliko mimi.

Projestus


Bukoba,
3 Juni 1956

Kaka Projestus,

Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama. Mara ya nne nilikaa.

Bluu. Vigololi vilikuwa bluu kama shingo ya tausi, viwili vimepasuka, na kimoja kilibaki vipande mkononi mwangu. Breki ya upande ule imeliwa mpaka kwenye misumari. Nilitaka kumpeleka Theopista kwa gurudumu lile, kwenye mteremko wa Kamachumu. Nimekuwa nikiona mteremko ule kila nikifumba macho.

Miaka minne umenishika mkono nikidhani natembea mwenyewe. Vikombe vitatu viko kwenye kabati la Mama, Baba asivione, na kila mgeni wake akija humwonyesha, nami hujifanya sijali. Vyote ni vya mtu aliyelala chini ya gari Jumamosi mchana. Nami nilikulipa shukrani ya punda. Nisamehe kwa neno lile la mvua. Nisamehe kwa Karagwe. Sina namna nyingine ya kusema, ndiyo hiyo tu.

Sumitra sikumgombeza. Nilimshika miguu mbele ya Mama, jambo ambalo waume wa kwetu hawafanyi, akaona haya akanipiga na taulo.

Sasa sikia ya Baba. Nilijua lazima nimwambie, kwa sababu beringi zinaagizwa kwa jina la duka. Nilikwenda mbele ya meza yake na vipande vile kwenye sahani. Nikasema yote, ya waya, ya mashindano, na ya Jumamosi zako, maana sikutaka ubaki umejificha peke yako. Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Mimi nauza matairi. Tairi haliishi hivi kwa kwenda hekaluni." Nikamuuliza, basi kwa nini unasoma mita kila Jumapili? Akasema, "Nilikuwa nangoja siku utakayoniambia kwamba inadanganya."

Kuhusu wewe alisema, "Grisi ilikuwa inaisha haraka. Niliendelea kuagiza." Jumamosi mchana alikuja gereji bila koti, akakaa juu ya ndoo, akanipa spana. Alinipa ya kumi na nne nilipotaka kumi na tatu, lakini alinipa.

Beringi na lainingi za breki zinakuja kwa meli ya Ijumaa. Nitaweka zote mpya, pande zote mbili. Jina langu la tarehe 16 nimelifuta kwa Kaijage. Alidhani naumwa.

Waya wa mita nimeurudisha. Nimeukaza kwa koleo.

Jagdish


Nshamba,
13 Juni 1956, alfajiri

Jagdishbhai,

Uchungu umeanza mapema. Ni wa mbali mbali bado. Mutembei anaondoka sasa hivi na karatasi hii, amesema hatasimama kwa abiria yeyote hata padri.

Njoo.

Projestus


Hospitali, Bukoba,
19 Juni 1956

Mume wangu Projestus,

Ujumbe uliupata kwa Mutembei, kwa hiyo unajua tayari kwamba ni mvulana na kwamba mimi ni mzima. Sasa nimeweza kukaa na mto mgongoni, nikuandikie mwenyewe yale ambayo Mutembei hawezi kuyasema bila kuongeza chumvi.

Yule mnayemwita mtu wa mashindano alituendesha kama amebeba mayai ya askofu. Toka Nshamba mpaka barabara kubwa tulipitwa na mtu wa baiskeli mwenye mikungu mitatu ya ndizi. Alitupungia mkono. Jagdish akampungia pia, bila kuongeza mwendo. Bi Sumitra alikaa mbele akisema "shimo", "jiwe", "shimo", na yeye anakwepa, nami kichwa changu kwenye mapaja ya mama. Uchungu ulikuwa unakuja na kwenda.

Kila baada ya muda alisimamisha gari, akashuka, akazunguka magurudumu ya mbele. Anachuchumaa, anaweka kiganja katikati ya gurudumu, anafumba macho, midomo inacheza. Mara ya kwanza mama alisema, "Mawe, mama wee! Huyu Mhindi anapapasa gurudumu kama mkunga." Mara ya pili mama akatoa rozari. Tulipofika juu ya mteremko wa Kamachumu alishuka tena, na mama naye akashuka, akachuchumaa upande wa pili, akaweka kiganja chake kwenye gurudumu la kushoto, akasali Salamu Maria kwa sauti, taratibu. Walipomaliza walitazamana juu ya boneti. Jagdish akamuuliza, "Na lako?" Mama akasema, "La baridi, mwanangu." Alisema mwanangu, nimesikia kwa masikio yangu, mama yangu ambaye wewe mpaka leo anakuita "yule fundi".

Tukateremka. Nilikuwa naogopa, sikufichi. Nilishika kovu langu kwa mikono miwili. Breki hazikulia hata mara moja.

Daktari alinipokea jua likiwa bado juu. Alipasua saa ileile. Baadaye aliniambia kovu la zamani lilikuwa jembamba kama karatasi, na kwamba mshtuko mmoja mkubwa wa barabarani, au saa mbili za kungoja kando ya njia na gurudumu lililochomoka, na asingekuwa na wa kumpasua. Nimeliwaza jambo hilo kila siku kitandani. Kisha namtazama mtoto, nalala.

Mama Kantaben analeta mchele na dengu laini kila mchana na haniachi mpaka nimalize. Mzee Mulji alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni kwa sababu ya wanawake, akaniuliza kama gari lilinirusha. Nikasema halikunirusha. Akatikisa kichwa mara nyingi, akasema, "Vizuri. Vizuri. Mita inasoma maili zote za kwenda na kurudi. Nimeangalia."

Mtoto ana masikio yako, pole yake. Jina tunakungojea wewe.

Mwambie Immakulata nimemwona mdogo wake akipiga chafya.

Mkeo,
Theopista


Nshamba,
25 Juni 1956

Ndugu yangu Jagdish,

Wakola muno. Nimeanza kwa Kihaya kwa sababu kwa Kiswahili neno asante nimelitumia kwa mambo madogo mno, kama spana na chumvi.

Wazee wa hapa wamesikia yote, na Mutembei ameongeza chumvi yake, kwa hiyo sasa wewe uliteremka Kamachumu umembeba Theopista kwa mkono mmoja. Nimewaachia hivyo.

Mzee Mulji nimemwandikia barua yake peke yake, ya kuomba radhi kwa grisi na kwa ahadi. Amenijibu kwa mistari miwili. Wa kwanza unasema amesamehe. Wa pili unasema Jumamosi atakazokuja kukusaidia yeye, nimchoree picha za spana na namba zake.

Bi Sumitra mwambie hivi: fundi ni yeye. Mimi nilihitaji kamba, yeye alitumia masikio. Kila gurudumu litakaloimba, alisikilize, na wewe umsikilize yeye.

Mama Kantaben ameniuliza kwa Mutembei kama nataka kamba yangu irudi. Asiifungue. Mti umeizoea, na mimi kazi yake nimemaliza. Hizo mia tisa zimeshasomwa.

Nimesokota nyingine. Nimeifunga ndani ya barua hii. Itundike kwenye msumari uleule, na kuanzia sasa mafundo ni ya kwako kufunga. Ushindane, sikukatazi, dunia ina vikombe vingi na Mama yako ana kabati kubwa. Maili mia, fundo moja, kila fundo ni mia tatu, na waya ukae mahali pake.

Utaona imekuja na fundo moja tayari. Nimelifunga mimi. Najua safari ya Nshamba haikuwa ya mashindano, najua mita imeisoma, na kwenda na kurudi haikufika hata maili mia vizuri. Kwa sheria yangu mwenyewe haistahili fundo.

Nimelifunga hata hivyo, na nimelikaza sana, lisifunguke.

Projestus